Kutu Iliyo Yangu

Kulwa mjukuu wangu, shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Buswelu tupo, ila nyumba imepoa.

Umeuliza mbona sisimulii tena habari za marehemu bibi yako. Ujanani niliwabebea wataalamu mawe ya volkano ya kale. Walisema yalizaliwa sakafu ya bahari ilipoanza kuzama chini ya sakafu nyingine, wakataka kupima kutu iliyomo ndani yake tangu wakati ule. Mimi kwa bidii yangu nikayapasua, nikayaosha, nikayaacha yamelowa wiki nzima.

Mkubwa wao aliyageuza, akaniambia: "Sasa hatutajua kutu ipi ni ya volkano na ipi ni yako, kijana."

Habari za bibi yako nimezisimulia mno. Maneno mengine sijui kama ni yake au nimeyatia mimi. Imebaki siku moja yetu ambayo sijamwambia mtu.

Hiyo niachie.

Babu yako