Gari la Marehemu Limetuletea Nini Nyumbani?

Mama Ingabire mpendwa,

Nasoma majibu yako gazetini kila mara, na leo naomba unisaidie mimi upesi kama unaweza, maana Jumamosi inakuja na mimi sijui nitafanya nini. Nakuandikia nikiwa ndani ya gari letu dogo nje ya kanisa, watoto wako ndani kwenye mazoezi ya kwaya, na hapa ndipo kichwa changu kinatulia kidogo, nyumbani siwezi kupanga hata maneno mawili.

Mimi naitwa Nsimire, mzaliwa wa Bukavu, mume wangu Paluku ni mtu wa Butembo, na tunakaa Highview, hapa Louisville, katika nyumba ya kupanga yenye gereji chini na chumba cha binti zetu juu yake. Kule kwetu Kongo Paluku alikuwa fundi wa magari, watu walimletea malori kutoka Beni hata Kasindi, lakini tangu tufike Amerika anapanga maboksi kwenye ghala, na Mama, mtu yule alinyamaza. Si kwamba alikuwa mbaya, hapana, hakunipiga, hakunywa, alirudi kazini, akala, akakaa kwenye kiti akaangalia ukuta, ukimuuliza jambo anakujibu ndiyo au hapana, nikawa najisikia kama mjane mwenye mume.

Bon, jirani yetu alikuwa mzungu mzee, Walter, mtu wa peke yake, na alikuwa na Chevelle ya zamani, ya miaka ya sitini, gari la milango miwili lenye pua ndefu, wenyeji wa hapa wakiliona wanasimama barabarani. Injini yake ilikuwa imekufa siku nyingi, imefunguliwa, vipande vimejaa kwenye ndoo. Siku moja Paluku alisimama kwenye uzio anaangalia, mzee akamwita kwa mkono, na hawakuwa na lugha moja lakini walishika spana pamoja. Tangu hapo mume wangu akaanza kuongea! Alikuwa anarudi ananieleza habari za pistoni na kabureta huku mimi nakaanga samaki, sielewi kitu, nasema tu ee, ee, na machozi ya furaha yananitoka.

Muzee Walter alikufa kabla ya majani kuisha kudondoka. Binti yake akaja akasema baba ameacha neno kwamba gari ni la Paluku, wakalisukuma mpaka gereji yetu pamoja na ndoo zake, na hapo, Mama, ndipo mambo yalipoanza.

Dada yake Paluku, Clémence, anakaa Kenmore kule Buffalo, na anamwoza binti yake baada ya Pasaka. Paluku amemwahidi kwamba bibi harusi atapanda gari hilo, donc ndiyo maana ana haraka. Akitoka kazini mchana anashuka gereji, hali chakula, habadilishi nguo. Aliipanga injini upya yote, pistoni mpya, ringi mpya, kila mpira na kila skrubu, na karibu na Noeli ikawaka. Ee Mungu wangu, ile sauti! Vikombe vilitetemeka kabatini. Alipanda jikoni na mikono yake ya oili akaninyanyua juu, na mimi nikacheka kama msichana. Lakini jirani mmoja aliita polisi kwa sababu ya kelele. Polisi alikuja, akaongea vizuri, akaenda zake, ila wewe unatujua sisi na watu wenye sare, Paluku alitetemeka mpaka jioni. Tangu siku hiyo anafunga mlango wa gereji, anaziba chini kwa mablanketi ili sauti isitoke na baridi isiingie, ndipo anawasha. Anasema injini mpya inapaswa kuzoea, anaiacha ingurume, yeye anarekebisha kidogo, anazunguka nje kusikiliza kama sauti inafika barabarani, anarudi tena.

Sasa sikiliza, Mama. Tangu Noeli nyumba yetu ina ugonjwa. Patricia, binti yangu mkubwa, anarudi shule mzima, anapanda chumbani kufanya kazi za shule, baada ya muda anashuka anashika kichwa, anatapika. Nikimuuliza ananijibu "I'm okay, Mama," na macho yake hayako okay. Mdogo wake analala kama mtu mzee. Mimi mwenyewe kichwa kinagonga, magoti yanalegea nikisimama kwenye jiko. Patricia tulimpeleka kliniki, wakasema ni mafua ya baridi, anywe maji. Wiki iliyopita Patricia alianguka bafuni, nikamkuta chini, midomo yake haina rangi nzuri, nikapiga yowe.

Lakini akifika kanisani anapona. Nakuambia kweli, anaingia akiwa amejikunja, wanaomba, na kabla ya mahubiri kuisha anacheka na wenzake. Tukirudi nyumbani, siku ambayo Paluku yuko gereji, ugonjwa unaanza upya. Na kile kidude cha kwenye dari ya ukumbi, kile kinacholia moshi ukiwa mwingi, kilianza kulia chenyewe! Sijapika, hakuna moto, hakuna moshi, kinalia tu kama mtu anayefukuzwa. Tulikitoa betri, tukakiweka kwenye droo.

Nilimweleza Mama Mariya, kiongozi wetu wa maombi. Alikuja, akasimama kwenye mlango wa gereji, akashika kifua chake.

"Mama Patricia," akasema, "hii gari iko na mwenyewe ndani. Muzee hakuenda. Anatafuta mtoto wa kwenda naye."

Tangu siku ile yeye na watu wake wa maombi wanamwekea Patricia mikono, na anafunga kula siku za maombi. Nilipomwambia Paluku, alikasirika sana. "Muzee Walter alinipenda!" akasema. "Mtu aliyenipenda ataniulia mtoto kwa nini? Mukitoa hii gari, mimi pia natoka." Na uso wake ukarudi kuwa ule wa zamani, ule wa kuangalia ukuta.

Mama Mariya amepata mtu mwenye gari la kuvuta magari. Atakuja kulichukua Jumamosi asubuhi, Paluku akiwa kwenye zamu, na mimi nitamfungulia gereji, maana najua ufunguo uko wapi. Nimekubali, na tangu nikubali silali. Nikimfungulia, nitakuwa nimemzika mume wangu akiwa hai. Nisipomfungulia, labda nitamzika mwanangu. Wewe ungefanya nini? Namba yangu ya simu nimeiandika hapa chini, kama utaona vyema kunijibu mwenyewe.

Nsimire, Highview

*

Nsimire mdogo wangu,

Barua yako niliifungua jikoni kwangu hapa Hilliard, bado nimevaa nguo za kazi, na sikuimaliza. Nilipofika kwenye kile kidude cha dari niliruka mpaka mwisho wa barua kutafuta namba yako. Wasomaji wetu nao wapaswa kujua tulivyoongea, kwa hiyo nimekuomba ruhusa na umekubali.

Nilikuuliza, "Watoto wako wapi?"

"Wako juu, Mama, wamejilaza. Ni nani mwenzangu?"

"Ni Ingabire wa gazeti. Injini inawaka?"

"Inawaka. Huisikii?"

Niliisikia. Nikakupigia kelele ambazo sijawahi kumpigia mtu mzima: "Watoe! Sasa hivi! Bila makoti, bila viatu, watoe nje, halafu muite mume wako kutokea nje, usiingie gereji!"

Ulitii, na kwa hilo nakuvulia kilemba. Mdogo alitembea. Patricia ulimburuta ngazini ukimshika chini ya makwapa, kwa sababu alifungua macho bila kukujua. Mkagonga mlango wa gereji kutokea nje mpaka Paluku akaufungua, na akatoka akipepesuka kama mlevi, mtu asiyekunywa. Ukapiga 911 kama nilivyokwambia, na zimamoto walikuja na mashine yao ya kupima hewa, wakaingia wamevaa vinyago, wakatoka wakisema hakuna mtu wa kurudi humo. Hospitalini wote wanne mlipewa oksijeni. Mko hai. Niliketi sakafuni nikalia, halafu nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo, kwa hiyo nivumilie.

Nsimire, wewe ni mtu wa Bukavu. Mimi nimekulia milimani, Minembwe, ambako baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Ni nani kati yetu hajasikia habari za familia iliyolala na mbabula, lile jiko la makaa, ndani ya nyumba iliyofungwa, na asubuhi hakukuwa na mtu wa kufungua mlango? Mama zetu walitukataza hilo kabla hatujajua kuhesabu. Basi injini ya gari ni mbabula, tena kubwa kuliko zote ulizowahi kuziona, na mume wako aliiwasha chini ya kitanda cha watoto akaziba mlango kwa mablanketi. Hewa ile inayoua haina rangi, haina harufu. Inapanda ngazi kama mgeni anayejua njia.

Ndiyo maana mtoto alipona kanisani. Kule alivuta hewa safi. Ndiyo maana hata wewe kichwa kilitulia ulipokuwa unaniandikia nje. Na kile kidude hakikufukuzwa na mtu yeyote. Vingine vimetengenezwa kunusa hewa hiyo, na chenu kililia kwa sababu kiliinusa. Kilikuwa kinawaita kwa majina yenu, ninyi mkakitoa betri! Usinijibu kwamba hukujua. Sasa umejua, na kila mtu anayesoma hapa amejua.

Paluku naye nimeongea naye. Alichukua simu mwenyewe.

"Baba Patricia," nikamwambia, "wewe ni fundi. Moshi wa injini huujui?"

"Naujua, Mama. Kule kwetu tulikuwa tunafanya kazi chini ya mti, hakuna ukuta. Hapa niliogopa polisi. Moshi sikuukumbuka." Kisha akasema, "Mimi pia kichwa kiliniuma. Nilidhani ni uchovu."

Sikumpa pole. Nilimwambia kwamba polisi yule alikuja mara moja akaondoka, lakini hofu yake aliialika yeye mwenyewe ikae, akaijengea na gereji. Alisema, "Ni kweli, Mama." Halafu akaniomba ushauri kuhusu gari, na huu hapa, uusome mbele yake.

Gari msiliuze wala msilitupe, na yule mwenye gari la kuvuta mpigie leo umwambie asije. Lakini injini hiyo haiwashwi tena ndani ya kuta, mlango uwe wazi au umefungwa, hata kwa dakika moja. Lisukumeni nje. Kabla ya kuliwasha, lifungiwe bomba zima la kutolea moshi mpaka nyuma, na fundi mwenye kibali alikague. Yule jirani wa kelele, nendeni kwake wote wawili mchana na sahani ya sambusa, mumwambie ni saa ngapi mtawasha na ni saa ngapi mtazima. Kiingereza kikiisha, Patricia atamalizia. Mwenye nyumba mwambieni yaliyotokea kabla hajasikia kwa mwingine. Nunueni vidude vipya vya kunusa hewa hiyo, kila ghorofa chake, na kimoja nje ya chumba cha watoto. Kikilia, hamjadiliani. Mnatoka. Mkirudi kliniki, mwambie daktari neno hili kabla ya salamu: watoto walivuta moshi wa gari. Asikuambie mafua tena.

Clémence mpigieni simu Kenmore. Bibi harusi hata akipelekwa kwa teksi ataolewa vilevile, na shangazi yeyote mwenye akili anataka kuwaona ninyi wanne mkiwa hai kuliko kuona pua ndefu ya gari.

Mama Mariya usimchukie. Aliona mtoto anaumwa akaja, wakati wengine walisema mafua. Lakini mwambie kutoka kwangu kwamba mtoto anayetapika hafungi kula, na kwamba mume wa mtu hachukuliwi gari lake akiwa kazini. Na wewe, Nsimire, mweleze Paluku habari za ufunguo na Jumamosi kwa mdomo wako mwenyewe, kabla hajazisikia kanisani. Atakasirika. Kaa pale pale mpaka amalize.

Lakini kuna jambo la kwanza kuliko yote haya. Uliniambia kwamba Patricia alipotolewa kinyago cha oksijeni alikuangalia akakuuliza kwa Kiingereza, "So it wasn't me?" Wewe ulidhani bado ana kizunguzungu. Hakuwa na kizunguzungu, mama. Majira yote haya ya baridi watu wazima wamemwekea mikono kichwani, na mtoto akaelewa kwamba kibaya kilichoingia nyumbani kwenu kimo ndani yake. Alikuwa anakwambia yuko okay ili usimwogope.

Kwa hiyo kabla ya betri, kabla ya jirani, kabla ya kuligusa gari lile, ketini naye leo, baba upande huu na mama upande huu. Paluku amweleze mwenyewe jinsi moshi ulivyopanda, na wewe umwombe msamaha kwa siku alizoshinda na njaa. Mwambieni kwamba hakuwa yeye. Mwambieni kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza chenu hicho hicho kibovu, na msinyanyuke pale mpaka muone ameamini.

Mama Ingabire
Hilliard, Columbus