Funda la Kwanza la Bi. Zamda

Ni mwaka mmoja sasa, mama, tangu tulipokusindikiza makaburini na kurudi nyumbani Isevya, tukakuta sufuria yako ndogo bado ina maji ya mchele.

Mtaa mzima ulikunywa kwako. Aliyetoka hospitali, aliyetoka kujifungua, aliyeshikwa na homa: ulimchemshia mchele mpaka ukapasuka, ukauchuja kwa kitambaa cheupe, ukatia chumvi kidogo na asali ya Ipole. Sukari hukutaka hata kuisikia. Jirani yetu Yoramu aliwahi kuomba kijiko kimoja, ukamnunia wiki nzima.

Kabla ya kumpa mgonjwa, funda la kwanza ulipiga wewe, kisha ukafuta ukingo wa kikombe kwa pindo la kanga. "Mgonjwa hanywi peke yake," ulisema.

Baada ya arobaini yako mwanao Uwesu aliugua malaria. Dada yake Shamila akamwekea kikombe cha maji ya mchele kando ya kitanda kipoe, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi kilikuwa kimepungua funda moja, na ukingo umefutwa. Uwesu alikuwa usingizini. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu akaamka, akaenda kazini.

Tulikuogopa, mama. Tusamehe. Mjomba Adinani akatuambia, "Chombo hufunikwa, wanangu, ndiyo sunna." Kwa hiyo mwezi huu, kitinda mimba wako Najiat alipougua, tulikifunika kikombe kwa kisahani. Hakikupungua. Naye Najiat hakunywa. Kila tukimsogezea aligeukia ukutani. Siku nne zikapita, akabaki macho tu, na daktari akasema asiponywa tutampoteza.

Jana alasiri alinong'ona, "Kimeonjwa hicho?"

Shamila alilia. Akaondoa kisahani, tukatoka sote chumbani, tukaurudisha mlango.

Tulipoingia tena, kikombe kilikuwa kimepungua funda moja. Najiat alikuwa ameketi, mikono mapajani, anakitazama.

"Mimi sijakigusa bado," akasema. Kisha akakichukua, akanywa chote.

Unakumbukwa na mumeo Mzee Abasi, wanao Shamila, Uwesu na Najiat, kaka yako Adinani, wajukuu zako, na majirani wote wa Isevya waliopona mikononi mwako. Mola akurehemu.

Daima tutakukumbuka, mama. Kikombe hatukifuniki tena.