Tetekuwanga Nyumbani kwa Mkwe

Tuwan, Kitale
6 Mei 1991

Mama mpendwa,

Sasa hivi Nekesa amepanda kitanda cha babake, akambandika jani la sukuma wiki kifuani, ati, "Daktari amekuja. Toa ulimi!" Mukhisa akautoa wote. Tumecheka, Mama, mara ya kwanza tangu mume wangu arudi kutoka Nairobi na figo aliyopewa na kakake Hiram.

Hamjambo huko Tongaren? Mgongo wako je? Sisi twashukuru, figo inafanya kazi. Lakini dawa anazomeza zinalegeza ulinzi wa mwili, usije ukaifukuza figo ngeni. Daktari alisema hata ugonjwa wa kitoto unaweza kumwua. Na watoto wa ploti hii tunayopanga wameshikwa na tetekuwanga! Chumba chetu ni kimoja. Njoo umchukue Nekesa kabla hajaambukizwa.

Binti yako,
Nekoye

Tongaren
15 Mei 1991

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mgongo unasumbua lakini jembe nashika.

Unaniambia nije wapi? Chumba kimoja, na mkwe wangu amelala humo! Tangu lini mama mkwe akaonana na mkwe uso kwa uso? Huo ni mwiko, unajua. Subiri kaka yako amalize palizi, atamfuata mtoto. Na hiyo tetekuwanga, si wewe uliugua ukiwa mdogo na bado ukapanda mpera? Weka pazia katikati.

Mama yako

Hospitalini, Kitale
2 Juni 1991

Mama,

Nakusalimu. Pazia niliweka. Kaka alipofika, Nekesa alikuwa ameshatoka vipele, na babake alishambeba kumbembeleza mtoto alipolia. Sasa vipele vimejaa mwili wa Mukhisa mpaka mdomoni, na kifua kinakoroma. Wamempunguzia zile dawa ili mwili upigane. Ukipigana sana, utaifukuza figo ya Hiram. Nikamwuliza daktari, tushike lipi? Akasema, "Kwanza apumue."

Sikulaumu, Mama. Leo amemeza uji kidogo. Naona atapona. Lakini mama yake tulishamzika, na anakuulizia wewe. Nikamwambia si ni mwiko? Akasema, "Mwambie aje tu. Nitajifunika shuka mpaka usoni."

Njoo, Mama. Utakaa upande wa miguu, na mimi nitamshika mkono ili ajue ume—

Ngoja, Sista wa wodi ananiita, ati niache kuandika nije upesi kwa Mukhisa