Mabuti Siku ya Posa

Ziwani, Ijumaa

Baba amekubali! Nacheka mpaka kalamu inaniponyoka.

Hashimu, mchumba wangu, alikuja na pikipiki, kampakia baba yake mdogo, mleta posa. Hashimu kavaa kanzu nyeupe, kofia safi, na mabuti ya mvua yanayofika magotini. Mimi nachungulia dirishani, natamani ardhi ipasuke.

"Kijana, kwenu kumefurika?" Baba akamuuliza, uso mkavu.

Hashimu akatoa simu, akamsomea ile meseji inayozunguka: kuanzia leo trafiki wanamkamata kila anayeendesha na kandambili, watumie wenzako kumi. Viatu vingine hana, ndiyo akaazima mabuti.

Baba akayakodolea macho mabuti. Nikajua mambo yameharibika, maana Baba alimfukuza mchumba wa dada kwa neno dogo tu. Kisha akaangua kicheko.

"Hata mimi nilitumiwa! Juzi nimekwenda Mtwara na baiskeli, nimevaa viatu vya mama yenu."

Baba mdogo akaanza maneno ya posa. Kila akisema "tumekuja," Baba anatazama mabuti, anacheka upya. Mwishowe akapunga mkono: "Basi, nimekubali. Mpeni mkwe wangu maji aoshe miguu."

Naogopa kidogo kuolewa na mtu anayeamini kila meseji. Kidogo tu. Usingizi wenyewe leo utatoka wapi?