Sikubonyeza, Tonton

Tonton,

Karatasi yako bado imebandikwa kwenye kona ya kioo cha kompyuta. Gundi ilikauka, nikaongeza plasta ya dispensari. Maandishi hayajafutika: "Béa, usibonyeze. Nakuja."

Bon. Hukuja, mjomba. Ulikuwa umeenda kutafuta petroli ya groupe, ile jenereta yetu yenye kikohozi, bomu likaanguka upande wa soko. Waliokuleta nyumbani walileta na bidoni, lile dumu la petroli, tupu. Tantine, mkeo, ameiweka chini ya kitanda. Anasema ni ya maji, lakini hakuna anayeruhusiwa kutia maji ndani.

Nikupe habari za mtaa wetu, Mangobo. Barrière, kile kizuizi cha barabarani pale kwenye kona, iliondolewa na askari wa kwanza, ikarudishwa na wa pili, gogo lilelile. Secrétariat yetu, ofisi ya kuchapa, iko wazi. Watu wanaleta barua zao nichape, na mimi nawasomea kama wewe, nimesimama, kila mstari, kabla mtu hajatia kidole kwenye wino. Juzi papa mmoja, mzee wa watu, alilalamika kwamba hata misa ni fupi kuliko mimi. Nikajua kazi inakwenda vizuri.

Ila nilikuwa nachapa kwa ile mashine kuukuu iliyovunjika herufi e. Jaribu kuandika Kifaransa bila e, Tonton. Mkuu wa shule alikuja mara tatu kuomba nimchapie mitihani ya darasa la sita, akaondoka kila mara akitazama kompyuta, na kompyuta ikimtazama.

Maana ilikwama palepale ulipoiacha. Unakumbuka CD aliyokuletea yule mfanyabiashara wa Butembo. Alisema programu zake ni za bure: tumia, nakili, fungua, rekebisha. Ulimuuliza mara tatu, "Sasa shida iko wapi?" Tukaiweka, na ukurasa ukatokea: leseni ndefu, chini yake vitufe viwili, J'accepte, nakubali, na Je refuse, nakataa. Mimi mkono ulishafika kwenye kipanya. Wewe ukavaa miwani yako ya kamba, ukasimama, ukasoma kwa sauti, siku mbili, groupe ikizimika na kuwaka.

Ukakuta imeandikwa humohumo kwamba anayeitumia tu halazimiki kukubali chochote. Masharti ni ya anayeibadilisha, au anayewanakilia wengine. Ukavua miwani.

"Alors, kama silazimiki, huyu ananizuia mulangoni ni nani?"

Nikasema ni mazoea tu ya waliotengeneza CD, na bila ukurasa ule hata wewe usingejua haki zako. Hapo uliniunga mkono: waionyeshe karatasi, ila wasifunge mlango. Ukanisimulia mtumbwi wa baba yako kule Yanonge. Aliyeuazima kuvuka mto alipewa kafi, basi. Aliyetaka kuuchonga upya ndiye aliyeketishwa kwa maneno.

"Tonton, bonyeza tu. Hakuna mutu anatuona."

"Mimi niko najiona."

Nilikukasirikia. Nilifikiri ni ukaidi wa mzee mwenye miwani. Mwezi uleule askari wa barrière walikuwa wametaka kila mtu asaini kwamba anawakubali, na waliowafuata wakaleta karatasi yao. Ulisaini zote mbili bila kuzisoma, wewe. Ulisaini kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nimechelewa kuelewa: katika mji mzima, kitufe kile ndicho pekee ulichoweza kukikataa bila mimi kupigwa.

Basi sikubonyeza. Kila nikiwasha, ukurasa unakuja, na karatasi yako pembeni inasema unakuja. Niliona nikibonyeza nitakuwa nimeacha kukungoja. Nikazima. Miezi saba, Tonton, nawasha na kuzima.

Halafu nikakumbuka lile neno: rekebisha. Nikaenda parokiani. Sista ana kompyuta nzima na kifaa cha kuchoma CD, akaniachia saa za mchana. Nikafungua mafaili ya CD yetu, nikatafuta mistari inayoufanya ukurasa udai jibu kabla ya kukupitisha. Kwanza nilisoma leseni yote, kwa sauti, nimesimama. Sista akadhani nasali, akafunga mlango polepole. Niliharibu CD nane. Ya tisa ilionyesha leseni yote, na chini yake neno moja tu: Suite, yaani endelea. Unasoma, unapita.

Sasa ucheke. Leseni inasema anayeibadilisha au kuwapa wengine, kwa kitendo hicho amekwisha kuikubali. Donc nimekubali, Tonton. Lakini kwa kazi ya mikono yangu, nikijua ninachokubali. Hakuna aliyenisimamisha mlangoni.

Barua hii nimeichapa kwenye kompyuta yetu. Tazama e zilivyo nyingi.

Nakuahidi nitachoma CD nyingine, za Ubundu na Basoko, njia zikifunguka, leseni nzima ndani, na nani alibadilisha nini. Na hakuna mtu atakayetia kidole mbele yangu kwenye karatasi asiyosomewa, hata kama kusoma kutapita urefu wa misa.

Nikimaliza mstari huu nitaibandua karatasi yako kwenye kioo, niiweke ndani ya bidoni. Tantine ameruhusu. Pumzika, Tonton, usihangaike tena kuja. Nitakuja mimi. Ila si leo, mitihani ya darasa la sita inaningoja.

Wako,
Béa