Dole Gumba la Bakari

Mama Salumu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila mkono umekataa kukuandikia bila shikamoo.

Ni mimi Hadija wa Mkunya, uliyenifundisha kusaidia watu mambo ya sheria huku ukinigombeza kila siku. Baba amekufuata. Arobaini haijaisha, wapwa zake wakaja, Bakari mbele. Wakasema kwa mila mali ya mjomba ni ya watoto wa dada yake, kwa hiyo mikorosho yote ni yao, na mama arudi kwao Kitangari. Mama akavuta ungo wake. Alikaa tu akichambua mbaazi.

Unakumbuka ulivyomtaka baba, mzima wa afya, atembee shamba zima na majirani? Ukamwambia mama ashike kila mkorosho alioupanda, autaje kwa sauti. Mama akaona haya, akanong'ona; ukamrudisha kwenye mkorosho wa kwanza aanze upya. Mimi nikaandika. Halafu ukamwita Bakari aweke dole gumba! Nilinuna mpaka nyumbani. Nilidhani uzee umekuingia, maana fisi unampaje bucha alinde? Ukanijibu, "Mwanangu, shahidi wa kumtafuta ni yule atakayetamani kukataa." Sikukuelewa hata kidogo.

Baraza la kata lilipokaa, niliisoma karatasi ile. Bakari akaulizwa kama dole ni lake. Akalitazama weee. Akasema ni lake, na kwamba alimsikia mke wa mjomba akiitaja mikorosho ile mmoja mmoja, hata ule uliopigwa na radi. Wakapatana palepale: mikorosho ya mama ni ya mama, na hahami.

Ulikuwa na akili wewe. Darasa la nne tu, na miwani umeifunga uzi. Nimewaona mawakili wa Masasi wenye suti, wanavijua vifungu vyote, lakini wao wanangoja watu wagombane kwanza. Wewe ulimkinga hata Bakari asije akasema uongo. Leo anapita kwetu, anamwamkia mama, anakula.

Nakukumbuka mno, Mama Salumu. Natamani hata kugombezwa nawe.

Juma lijalo natembea shamba la Mama Asha, Nanganga, mumewe angali hai. Wapwa nimewaita kwanza. Mungu akupe kauli thabiti, mama yangu. Nami nakuahidi: mwanamke atakayenong'ona, nitamrudisha kwenye mkorosho wa kwanza.

Mwanao,
Hadija