Taya la Mrefu na Mfupi

Jumatatu, 2 Juni 1975

Kitabu kimekwisha! Beti zangu, picha za mwalimu mwenzangu Idrissa. Mrefu na Mfupi, wachimbaji wawili wa mifupa iliyogeuka mawe – wanaviziana, wanaibiana, wanafukiana mashimo. Nimecheka peke yangu kama kichaa. Ofisi ya elimu inataka vitabu vya watoto vilivyotungwa na walimu wa huku huku, na vilivyo bora vitapigwa chapa. Jina langu, Felista Lazaro, juu ya jalada! Bwana Elimu atapita Jumatatu ijayo kukichukua.

Darasa la kwanza nimewajaribia ubeti mmoja:

Mrefu kashika taya,
Mfupi kashika taya,
wakavutana vibaya,
likavunjika vipande.

Wameudaka papo hapo.

Jumatano, 4 Juni

Balaa. Leo kijiji kizima tulikuwa shamba la ujamaa, tunavuna mtama. Watoto wakaanza ule ubeti. Watu wakacheka mpaka wakaweka visu chini, kila mtu anamtazama Baba, kisha baba mdogo Antipasi.

Nilidhani nini mimi? Kwamba nikiwaita Mrefu na Mfupi hawatajulikana? Kabla ya Uhuru hao wawili walikuwa vibarua katika kambi ya Mzungu wa mifupa, kila mmoja akitaka asifiwe yeye. Likapatikana taya kubwa la mnyama wa kale. Likavunjika. Baba mdogo ndiye aliyelipata, na ndiye aliyelaumiwa na kufukuzwa kwa aibu. Tangu hapo ndugu hawasemezani. Juzijuzi Operesheni Vijiji imewapanga nyumba jirani, mlango kwa mlango, na bado hawasemezani.

Baba aliuliza ubeti umetoka wapi. Watoto wakasema kwenye kitabu cha walimu.

Alhamisi, 5 Juni

Shikamoo, Baba. Hakuitikia. Nikarudia, akaingia ndani.

Jumamosi, 7 Juni

Idrissa kaenda kwa Baba bila kuniambia! Kamwambia beti ni zake yeye, mimi nimemwandikia tu, na kama mzee ameumia alipwe kuku, kwa kuwa mtani hachezewi bure. Idrissa ni Mnyamwezi, na hao kwetu Wanyaturu ni watani, wanatutania hata msibani. Mtoto akimcheka baba yake ni laana. Mtani akicheka, unacheka naye.

Jioni Baba kaniitikia marahaba. Karibu nilie.

Lakini pia nimekasirika! Nani alimtuma? Sasa anasema jalada liandikwe jina lake, mambo yaishe. Rahisi kwake kusema. Zile beti nimezihangaikia msimu mzima, nikipepeta uwele huku nahesabu silabi. Nimemwambia nitafikiri. Nafikiri, na sipendi ninakofikia.

Jumapili, 8 Juni

Naandika haraka, wako nje.

Baada ya kanisa Baba kaja uani kwangu kusikia kitabu chote kwa mtani wake. Baba mdogo akasikia vicheko akiwa kwake, naye akaja. Kakaa mwisho kabisa wa benchi, kama mtu anayepumzika tu. Idrissa mwandiko wangu unamshinda, ikabidi nisome mimi. Walicheka. Kila mmoja upande wake, lakini walicheka!

Nilipofika kwenye taya Baba akanyoosha mkono. Hakunitazama mimi wala ndugu yake. Akamwambia Idrissa:

"Mtani, hapo umekosea. Halikuvunjika kwa kuvutana. Nililipiga nyundo mimi, mwenzangu asisifiwe. Rekebisha."

Mungu wangu. Miaka yote hiyo! Mimi mwanawe asingeniambia, na ndugu yake ndiyo kabisa. Kwa mtani neno limetoka, kama utani vile.

Baba mdogo anatazama mikono yake. Ila hajaondoka.

Idrissa anajikuna kichwa, ubeti hauji, akanitupia jicho. Nikasema nafuata kalamu, nikaingia huku. Ubeti ninao – ulinijia Baba akiwa bado anasema. Nikitoka nao mdomoni Baba atajua mara moja beti zote ni za nani. Na akijua alikuwa anaungama mbele ya kitabu cha binti yake? Atanyanyuka, na lile neno atalirudisha tumboni. Jalada liko hapa magotini, halina jina.

Baba anamhimiza Idrissa: "Mtani, mbona kimya?"

Halafu ile sauti nyingine, ya chini, ya mwisho wa benchi:

"Kaka, mpe muda."